Mishipa ya moyo ya baba ilipoziba: maswali tuliyojifunza kuuliza

Baba alianza kusimama kila baada ya hatua chache akipanda kutoka shamba la viazi, Uyole. "Kifua kinabana, mwanangu, halafu kinaachia." Tukasingizia baridi ya Juni. Msifanye hivyo. Kifua kinachobana mtu akitembea na kuachia akipumzika, kapimeni moyo. Kikibana mfululizo na jasho jembamba likamtoka, ondokeni saa hiyo hiyo, usiku usiku.

Kutoka Mbeya tulipewa rufaa hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Waliingiza mrija mwembamba kifundoni mwa mkono na kupiga picha za mishipa: mmoja ulikuwa umebana vibaya.

Hapo uliza: shambulio la moyo limeshatokea, au bado? Likiwa linatokea, kuzibua mshipa haraka huokoa maisha. Kama ni maumivu ya kuja na kuondoka tu, mara nyingi huanza dawa: aspirini, ya kushusha lehemu (mafuta kwenye damu), ya kupunguza mapigo, na ya kuweka chini ya ulimi. (Hiyo ya ulimi haichanganywi kamwe na dawa za nguvu za kiume, wazee waambiwe bila haya.) Dawa zisipotosha, stenti, kijibomba cha wavu kinachotanuliwa kwa puto ndani ya mshipa, hupunguza maumivu.

Upasuaji, yaani kuchukua mshipa wa mguuni au kifuani ili damu ipite kando ya palipoziba, hupendekezwa zaidi mishipa mingi ikiziba, hasa kwa mwenye kisukari. Mfupa wa kifua huunga kwa miezi miwili au mitatu. Jembe lisubiri.

Baba aliwekewa stenti. Nilidhani tumemaliza. Kumbe kazi ilikuwa vidonge: aspirini pamoja na klopidogreli, kwake miezi 12. Ukiacha ghafla, damu inaweza kuganda ndani ya stenti. Mwezi wa nne wa vidonge alitaka kung'oa jino, jirani akamwambia aache vidonge wiki nzima. Alikuwa ameruka siku moja nilipogundua. Nilitetemeka. Nikampigia daktari wa moyo, akasema arudie leo leo, na mng'oa jino aelezwe.

Kwenye basi vidonge vikae mkobani, si kwenye buti. Nyumbani viko kwenye kopo la majani ya chai kando ya redio. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku ikianza, mama anamletea maji.