Mapitio ya machapisho ya jiografia ya utalii: jinsi ya kuyafanya ukijisomea mwenyewe

Kuna wale wa masta wanapewa kozi ya kujisomea, hamna lekcha hamna darasa, msimamizi anakwambia tu kasome halafu mwisho wa semista uniletee mapitio, basi mtu anashusha mapidiefu kibao kwenye laptopu na hajui aanzie wapi. Naandika kwa ajili ya huyo, na mifano yangu nitaitoa hapa hapa Bagamoyo maana ndipo nilipo na ndipo wengi mnapokuja kutafuta mada.

Kabla hujasoma chochote malizana na msimamizi kwa maandishi, hata kwa imeili fupi tu: swali ni lipi, maneno mangapi, mtaonana kila baada ya muda gani, mwisho lini. Wasimamizi wana mambo mengi, ukiacha mambo hewani utakuja kuambiwa "mimi sikukutuma hivi" na huna pa kushika. Na swali liwe swali kweli. "Athari za utalii Bagamoyo" hicho ni kichwa cha habari. Jaribu kitu kama: katika miji ya pwani iliyopitiwa na biashara ya utumwa, nani anaamua wageni wasimuliwe historia ipi? Hilo watu wanabishana, na mapitio bila ubishi yanakuwa orodha tu ya fulani kasema hivi, fulani kasema vile.

Sasa kutafuta. Wengi wanaandika Bagamoyo kwenye Google Scholar, wanapata vichache, wanasema "hakuna kilichoandikwa". Kipo, ila majina yanakuchenga. Wajerumani waliandika Bagamojo, na Saadani utaikuta imeandikwa Sadani, kwa hiyo jaribu tahajia zote, halafu tafuta Kaole (yale magofu ya mji wa kale karibu na Bagamoyo) peke yake, kisha miji ndugu kama Kilwa, Lamu na Zanzibar. Ujanja mwingine ambao unanishangaza watu hawautumii: chukua makala moja ya msingi, mfano ile ya mwanajiografia Butler ya 1980 kuhusu mzunguko wa maisha ya eneo la utalii, bonyeza ile linki ya chini inayoonyesha waliomnukuu, itakuja orodha ndefu ya kutisha, usiogope, pale juu kuna kiboksi cha kutafuta ndani ya hao hao waliomnukuu, weka tiki halafu andika Zanzibar au Tanzania. Dakika mbili umeshatoka kwenye nadharia umefika pwani yako.

Makala zikikuomba dola usilipe. Ulizia maktaba ya chuo kwanza kama ina Research4Life (mpango unaovipa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu), weka Unpaywall kwenye brauza ikutafutie nakala halali za bure, pita AJOL kwa majarida ya Afrika, ikishindikana mwandikie mwandishi mwenyewe, wengi wanatuma. Marejeo yatunze kwenye Zotero, ni ya bure. Na ukiiomba akili bandia ikupe marejeo hakikisha kila moja unaliona kwa macho yako, zinatunga makala ambazo hazipo na zinazitunga vizuri tu.

Kusoma ndiko kwenye kazi. Tengeneza jedwali kwenye Excel, mstari mmoja kwa makala moja, na zaidi ya mwandishi, mwaka na hoja weka safu hizi: utafiti ulifanyika wapi hasa, kwa skeli gani (yaani eneo lenye ukubwa gani: jengo, mtaa, mji au mkoa), data ilikusanywa mwaka gani, na anapingana na nani. Ile ya mwaka wa data usiiruke, makala ya 2022 inaweza kuwa na mahojiano ya kabla ya korona. Ya skeli nayo ndiyo inayokufanya uwe mwanajiografia. Bagamoyo kwa mmoja ni magofu ya Kaole, kwa mwingine ni mji mzima, kwa mwingine ni ncha ya njia ya misafara inayoenda mpaka Ujiji, ile ambayo Tanzania iliiweka kwenye orodha ya awali ya UNESCO, ile ya maeneo ambayo nchi inakusudia kuyaombea urithi wa dunia, mwaka 2006. Hao watatu wanaweza kuonekana wanapingana kumbe kila mtu anaongelea kitu chake.

Halafu kila nadharia iulize imezaliwa wapi. Butler anaanza na wageni wachache wanagundua sehemu, wenyeji wanashiriki, inakua, inakomaa, inadumaa, kisha ishuke au ifufuke. Sawa, lakini Bagamoyo ilishapanda na kushuka kabla ya mtalii wa kwanza kuja na kamera, ilikuwa bandari ya misafara, ikawa makao makuu ya Wajerumani, 1891 makao yakahamia Dar es Salaam, na yale majengo chakavu ya mji mkongwe tunayowauzia wageni leo ndiyo mabaki ya huo mshuko. Mimi naona ule mchoro wake unahesabu kama sehemu haikuwa na maisha kabla ya utalii. Wewe unaweza kukataa, ila usimnukuu kimya kimya kama sala.

Vile vile mwanaanthropolojia Bruner, 1996, aliandika kuhusu ngome ya Elmina kule Ghana, akaonyesha Wamarekani weusi wanaijia habari ya utumwa wakati wenyeji wanaiona ngome yenye historia ndefu zaidi ya hiyo. Nzuri sana, na kishawishi cha kuibandika Bagamoyo ni kikubwa. Kule ni Atlantiki, huku ni Bahari ya Hindi, pembe za ndovu zilipita njia ile ile na watumwa, na wajukuu wa pande zote wanaishi mtaa mmoja. Andika nini kinahama na nini hakihami, hiyo aya moja itakupa maksi kuliko kurasa kumi za muhtasari.

Ukiona makala inasema "jamii ya wenyeji" simama hapo. Wenyeji gani? Mvuvi wa soko la samaki, mchonga vinyago, muongoza watalii, au mwenye nyumba ya zamani pale Dunda aliyekatazwa kubomoa? Kama mwandishi hakutaja, andika kwenye jedwali kwamba hakutaja. Ukijaza hilo neno "hakutaja" mara nyingi umeshapata pengo lako la utafiti.

Kuandika panga kwa hoja, sio kwa mwandishi, kila aya ianze na jambo linalobishaniwa ndipo majina yafuate. Andika pia ulitafuta kwenye mitandao gani, kwa maneno gani, tarehe gani, na uliacha makala za aina gani na kwa nini. Kumtumia msimamizi tuma Word, sio PDF, ili aweze kuandika maoni pembeni, na usimtumie Ijumaa jioni.