Kurudisha Kinamasi Palipokuwa na Shamba

Wengi huanza na miche. Wewe anza na mtaro. Mashamba mengi ya bondeni hapa Nairobi yalikaushwa kwa jembe: mtaro ukachimbwa, maji yakatoroka, sukuma wiki na nyasi za nepia zikapandwa. Ukiuacha wazi, mafunjo yako hayataivuka Februari.

1. Soma udongo. Chimba mashimo ya nusu mita sehemu kadhaa. Udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu unaonyesha maji yalituama hapo miaka mingi. Ukikuta mwekundu mtupu, hapo panda miti tu.

2. Kibali na majirani. Kugusa mkondo wa maji kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, inasimamia kanuni za ardhi oevu za 2009. Kisha mwonyeshe jirani wa juu maji yatakapofika. Asiyeulizwa atakuja usiku na jembe lake.

3. Ziba mtaro. Fanya kazi hii Agosti au Septemba, kabla ya mvua za vuli. Huna haja ya kuufukia wote. Vizibo vya udongo vyenye urefu wa mita mbili au tatu kufuata mtaro vinatosha. Kwanza ondoa matope laini, mizizi na nyasi chini na kwenye kingo, maana maji hupenya pale udongo mpya unapokutana na uozo. Shindilia udongo wa mfinyanzi tabaka kwa tabaka, kila moja isizidi sentimita 20. Ule mweusi wa Ruai na Njiru unafaa sana ukiwa na unyevu, lakini ukikauka hupasuka, kwa hiyo ufunike kwa mabonge ya nyasi. Kizibo kiinuke kidogo kupita usawa wa shamba, ili maji yatawanyike pembeni badala ya kupita juu yake na kukimega. Anza juu ukishuka. Maji yanayozuiwa na kizibo cha chini yafike kwenye mguu wa kile cha juu. Mteremko ukiwa mkali, vizibo visogeane.

4. Punguza mbolea na mikaratusi. Mbolea ya miaka iliyopita hulisha magugu. Kata nepia mara kwa mara uitoe shambani, iondoke na mbolea hiyo. Mwenye ng'ombe ataichukua kwa furaha. Mikaratusi ikatwe, na machipukizi ya visiki yavunjwe kila yanapotokea.

5. Subiri msimu mmoja. Mbegu zilizolala udongoni huota zenyewe maji yakirudi, tena bure. Baadaye jaza mapengo: vipande vya mizizi ya mafunjo panapotuama maji, mikuyu pembezoni. Nenda kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, uone mimea inavyojipanga. Usilete mmea wowote wenye gugumaji, hata jani.

6. Mbu. Majirani watalalamika. Mbu hupenda zaidi vidimbwi vidogo vya nyayo za ng'ombe, ambamo hakuna chura wala viluwiluwi vya kereng'ende wa kuwala. Zungushia ua mapema, na mifugo inyweshwe nje kwenye birika.