Kabla ya kuwapeleka wanafunzi kwenye shindano la Katiba

Tafuta Katiba yenyewe kwanza. Vitini vinavyozunguka shuleni vingine vimepitwa na wakati, na hadi leo utakutana na mikoa 8, maeneobunge 210, hata waziri mkuu. Katiba ya Kenya iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ina kaunti 47 na maeneobunge 290. Nakala yake inapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Piga chapa mbili au tatu za kuchorachora. Mkisoma ya Kiswahili, wekeni ya Kiingereza kando, kwa sababu Kifungu cha 259 kinasema matoleo ya lugha tofauti yakikinzana, la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Uliza pia mapema maswali yatakuwa kwa lugha gani. Kuna mtoto anayelijua jibu vizuri ila neno halimjii.

Vifungu ni 264 katika sura 18, na kuvigawa sawasawa kwa timu ni kupoteza muda. Sura ya Nne, ile ya haki, ipewe nusu ya mazoezi. Maswali ya tarakimu (maseneta 67 ukimwacha Spika, au asilimia 25 ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kwa anayewania urais) hukaririwa kwa jioni chache. Timu huangushwa na maswali ya visa.

Chukua hiki: mtu amekamatwa Ijumaa saa kumi jioni, afikishwe mahakamani lini? Wengi watapaza sauti, "Saa 24!" Kifungu cha 49 kweli kinataja saa 24, lakini hapo hapo kinaongeza kwamba zikiisha nje ya saa za kazi za mahakama, au siku isiyo ya kazi, mwisho ni kumalizika kwa siku ya mahakama inayofuata. Kwa hiyo ni Jumatatu, na ikiwa Jumatatu ni sikukuu, Jumanne. Mwanafunzi aliyeishia mstari wa kwanza amekosa alama akiwa na uhakika kabisa kwamba amepata.

Kifungu cha 25 nacho kina mtego. Kinaorodhesha haki zisizoweza kuwekewa mipaka: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kusikilizwa kwa haki, na amri ya kumfikisha aliyezuiliwa mbele ya mahakama. Haki ya kuishi haimo. Wape wabishane wenyewe, kisha wasome Kifungu cha 26 waone ni kwa nini. Msikae bila kupitia Kifungu cha 260 cha maana za maneno: kijana ni wa miaka 18 hadi kabla ya 35, kwa hiyo mshiriki wa miaka 17 anayeanza na "sisi vijana" Katiba bado inamwita mtoto.

Mazoezi yafanywe kwa saa ya kuhesabia, anayeuliza asiwe mwalimu wanayemzoea, na kila mmoja ajibu akiwa amesimama. Mwenye sauti ndogo msimwondoe haraka. Mara nyingi ndiye aliyesoma hadi aya ya mwisho. Na timu ya wavulana watupu ikienda kueleza kanuni ya theluthi mbili ya jinsia (wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili), ukumbi utacheka hata kama kanuni hiyo inahusu vyombo vya umma.

Mengine ni ya kawaida ila ndiyo huchelewesha safari: barua za ruhusa za wazazi, orodha ya majina yenye muhuri wa shule, nauli, chakula, mwalimu wa kike kama kuna wasichana.

Mwisho, soma kanuni za rufaa. Jua nani anaruhusiwa kupinga uamuzi, ndani ya muda gani, na kama inakubalika kufungua Katiba mbele ya majaji. Kama inakubalika, bandika vikaratasi vya rangi kwenye kurasa zenye Vifungu vya 25, 49, 53, 138 na 260, na nakala hiyo aishike nahodha, isiachwe kwenye begi ndani ya basi.