SOMO: Namna ya kupresenti darasani ukiwa mwoga (soma lote kabla hujauliza)

Kila semesta ikifika kipindi cha presentesheni, inboksi yangu inajaa swali lile lile: "Kaka, nikisimama mbele ya watu natetemeka, nifanyeje?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Naandika hapa mara moja, atakayeniuliza tena nitamtumia uzi huu.

Kwanza tuelewane. Sifundishi kuondoa woga. Ukisimama mbele ya darasa mwili unamwaga adrenalini kana kwamba mbwa wa jirani amekata mnyororo: moyo unakwenda mbio, mate yanakauka, mikono haitulii. Huwezi kuuamuru uache. Unachoweza ni kupanga kazi ili hata ukitetemeka, hoja zitoke na alama upate.

HATUA YA 1. Jua mmepewa dakika ngapi na alama zinagawanywaje. Muulize CR (kiongozi wa darasa), kama naye hajui, nendeni kwa mwalimu.

HATUA YA 2. Mkigawana sehemu kwenye grupu, omba utangulizi. Najua nyote mnagombea hitimisho kwa sababu ni fupi. Mwenye hitimisho anasimama pale mbele muda wote akisubiri zamu, hasikii kinachosemwa, anasikia moyo wake tu. Wenzake wakizidisha muda, anayekatwa ni yeye. Ukianza wewe, umetua mzigo.

HATUA YA 3. Slaidi chache, herufi kubwa, maandishi meusi juu ya nyeupe. Darasa likiwa na madirisha yasiyo na mapazia, jua la Dodoma la saa nane mchana linafuta kila rangi uliyoipenda kwenye laptopu. Hifadhi na nakala ya PDF. Flashi iwe yako, si ya kuazima, maana hizi zinazozunguka hosteli zina virusi kuliko mafaili.

HATUA YA 4. USIKARIRI NENO KWA NENO. Hapa mnisikilize, maana hapa ndipo na mimi nilipoungua. Ukikariri maandishi yote, kila sentensi inaning'inia kwenye ile iliyoitangulia. Ikidondoka moja, labda kwa sababu umemwona mwalimu akiangalia saa, zilizobaki zote zinaondoka nayo. Unaanza sentensi, inakatika, unairudia, inakatika palepale. Darasa limenyamaza, na kule nyuma kuna mtu anakohoa ili asicheke.

Kariri vitu viwili tu: sentensi tatu za mwanzo, na mpangilio wa hoja zako. Tuseme mada yenu ni mradi wa karanga wa Kongwa, hapa mkoani Dodoma. Usianze na "leo tutawasilisha kuhusu..." kwani mada ipo ukutani, wanaiona. Anza hivi: "Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Ikaamua kulima karanga Tanganyika, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Ilileta hadi vifaru vya kivita vilivyogeuzwa matrekta." Hizo zikaririwe mpaka uweze kuzisema ukiwa unapiga mswaki. Baada ya hapo kwenye kadi andika maneno tu: mibuyu, udongo, mvua, 1951. Ukiona "mibuyu" unaeleza kwa maneno yako jinsi ilivyowashinda kung'oa. Ukiona "udongo" unaeleza jinsi ulivyokuwa ukikauka kiangazi mpaka karanga hazichimbiki. "Mvua" kila mtu wa hapa anaijua: chache, na haina ratiba. "1951" ndio mwaka mradi ulipoachwa.

Maonyo ya hatua hii:
Kadi isiwe na sentensi kamili, utaanza kusoma.
Usishike karatasi ya A4. Mkono ukitetemeka kidogo, karatasi inapiga kelele na darasa zima linajua. Kata manila saizi ya kiganja, hiyo haitikisiki.
Usitumie simu badala ya kadi. Skrini inazima, au mesiji ya "bro umekula?" inaingia katikati ya hoja.

HATUA YA 5. Fanya zoezi kwa sauti, umesimama, umeweka saa ya simu. Kusoma kimyakimya kwenye kimbweta si zoezi. Tafuta darasa tupu jioni, mwenzako mmoja akae viti vya mwisho, akikosa kukusikia anyooshe mkono.

HATUA YA 6. Asubuhi kula kitu. Beba maji ya kawaida, si ya baridi sana. Hewa yetu kavu, na Julai upepo na vumbi vinamaliza koo kabla hujafungua mdomo. Dakika moja kabla ya kusimama, vuta pumzi taratibu kisha itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Rudia mara kadhaa.

HATUA YA 7. Chagua sura tatu za watu wasiokutisha: kushoto, kati, kulia. Zungusha macho humo. Ukisahau, nyamaza, tazama kadi, endelea. Kimya unachokiona wewe ni kirefu, wao wanadhani unafikiri.

HATUA YA 8. Ukiulizwa swali, lirudie kwa sauti kwanza ili wote walisikie na wewe upate muda. Kama hujui, sema hujui na utalifuatilia. Usibuni.

Karibuni maswali.

MASWALI

Binti_Kondoa: Shikamoo mwalimu, asante kwa somo. Nauliza, kwa nini sauti inatetemeka mwanzoni tu, halafu katikati inatulia yenyewe?

Mleta somo: Marahaba mdogo wangu, hilo ndilo swali nililokuwa nalingoja. Adrenalini inapanda kwa kishindo unapoitwa na unapofungua mdomo. Mwili ukiona hakuna kinachokudhuru, unaanza kutulia wenyewe. Pia misuli ya koo na kifua imekaza, na pumzi inakuwa fupi, ndiyo maana sauti inakatika. Kwa hiyo sentensi tatu za mwanzo zikaririwe: ndizo zinazokuvusha wakati akili haijatulia. Na usianze kuongea hewa ikiwa imeisha kifuani. Simama, toa pumzi, vuta, ndipo useme.

Mdau_Nkuhungu: Mkuu ndefu sana hii. Weka kwa kifupi.

Mleta somo: Kifupi chake ni kusoma.

Mzee_wa_desa: Mimi nakariri tangu fomu wani na napata A. Usidanganye watu.

Mleta somo: Kichwa cha somo kinasema "ukiwa mwoga". Kama wewe si mwoga, hili halikuhusu. Kariri hata kamusi.

Mgeni_Makole: Napresenti kesho saa mbili asubuhi, sijaanza slaidi. Natetemeka sana. Nisaidieni.

Mleta somo: Huo si woga, huo ni uzembe. Slaidi tano, kadi moja, sentensi tatu za mwanzo, kisha ulale. Usikeshe.

Mgeni_Makole: Huna slaidi zako za zamani unitumie nibadilishe jina?

Mleta somo: Sina.

Fundi_chaki: Kuna jamaa ameniambia nimeze propranolo nusu saa kabla, mikono haitetemeki. Ni kweli?

Mleta somo: Inapunguza mapigo ya moyo na mtetemo, ni kweli. Lakini ni dawa ya daktari. Mwenye pumu inaweza kumbana kifua, na mwenye presha ya chini inaweza kumwangusha palepale mbele. Usipewe dawa na jamaa wa hosteli. Kama woga umefika hatua ya kukukosesha vipindi, nenda zahanati ya chuo ueleze, hakuna atakayekucheka.

Mpwapwa_one: Kaka, mimi hoja ninazo, tatizo langu Kiingereza. Msingi nimesoma kwa Kiswahili, sekondari nilikuwa naandika tu, sijawahi kuongea. Nikisimama naogopa wenzangu waliosoma intanashno watanicheka.

Mleta somo: Ndugu yangu, nusu ya darasa wana hofu hiyohiyo, wameificha tu. Fanya hivi. Sentensi ziwe fupi, kila moja na jambo moja. Neno ambalo ulimi unalikataa, libadilishe; anayesikiliza hajui ulikuwa umepanga kusema lipi. Majina na tarakimu, kama miaka, yatamke kwa sauti mara nyingi kabla, maana tarakimu kwa Kiingereza ndizo zinazowakwamisha wengi. Jirekodi kwa simu yako, jisikilize, hata kama hutaipenda sauti yako. Ukikosea kitenzi usirudi nyuma kukisahihisha, songa mbele. Na kabla ya siku yenyewe muulize mwalimu kama kwenye maswali mnaruhusiwa kuchanganya Kiswahili. Baadhi wanaruhusu, ila hawasemi mpaka waulizwe.

Mpwapwa_one: Ubarikiwe sana kaka.

Dada_Hijabu: Nyongeza kwa wenzangu. Mkipewa maiki ya kubana, msiifiche ndani ya mtandio. Kitambaa kinaisugua, watu wanasikia mchakacho tu. Ibane juu ya kitambaa, karibu na kidevu.

Mleta somo: Asante dada, hiyo sikuijua. Pini ya mtandio nayo isiwe karibu na maiki, nadhani.

Dada_Hijabu: Naam, nayo inagonga.

Mwana_historia: Nje ya mada kidogo. Hiyo Kongwa ya karanga ndiyo ile ya wapigania uhuru?

Mleta somo: Ndiyo hiyo hiyo. Miaka ya 1960 FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia walikuwa na kambi huko. Ukipresenti Kongwa, unaweza kuunganisha vyote viwili: eneo lililoshindwa kutoa karanga likaja kupokea wapiganaji. Walimu wanapenda kiungo kama hicho, mradi usizidishe muda.

Mdau_Nkuhungu: Mkuu nimesoma sasa. Nimekwama hapo kwenye manila. Duka gani wanakata?

Mleta somo: Nunua shiti moja stesheneri yoyote, chukua rula na mkasi, kata mwenyewe. Inatosha grupu zima.