Paipu ya breki: angalia mdomo kabla ya kununua nati

Jamani kabla hujaenda dukani kununua paipu ya breki, fungua ile ya zamani uende nayo mkononi hata kama imeoza, usiende na maneno matupu ya "nataka ya Corolla". Mimi nilishauziwa paipu, nati ikaingia kwa mkono mpaka mwisho, nikajaza mafuta ya breki, nikakanyaga pedeli, pale kwenye maungio yakaanza kuchuruzika. Nikakaza, yakaendelea, nikakaza tena mpaka kona za nati zikaisha. Kumbe kukaza hakukuwa na shida yoyote, mdomo wa paipu, yaani ile ncha iliyokunjwa inayobanwa na nati, ndio ulikuwa wa aina nyingine.

Iko hivi. Gari nyingi za Kijapani tunazoendesha huku, Toyota, Nissan, Suzuki, zina paipu nene milimita 4.75 (wengine wanaiita 3/16 ya inchi), nati ni M10 (kipenyo milimita 10) yenye uzi wa 1.0 (milimita moja kutoka jino hadi jino), unafungua kwa spana namba 10, na mdomo umekunjwa mara mbili, kwa ndani una mteremko kama faneli, digrii 45. Sasa gari nyingi za Ulaya kama Volkswagen na BMW wanatumia paipu hiyohiyo na uzi huohuo, kichwa cha nati mara nyingi ni namba 11, ila mdomo wao umetuna kama uyoga. Nati itaingia bila kelele, lakini midomo haikutani. Chukua tochi umulike ndani ya tundu la silinda ya breki pale nati inapoingia, ukiona kikoni kimechomoza katikati hapo panataka faneli, ukiona pamezama kama bakuli panataka uyoga. Hiyo sekunde moja ya kumulika ingeniokolea siku nzima. Na ukiwa na gari la Kimarekani au Mwingereza wa zamani jihadhari na nati ya inchi 3/8, maana kwenye tundu la M10 inaingia inacheza cheza, ukikaza tu inachana uzi wa silinda.

Paipu yenyewe, usikubali ile shaba tupu ya mafundi friji. Ni laini, inakunjika vizuri, inavutia kweli, ila mtikisiko wa gari unaifanya iwe ngumu halafu inapata ufa. Chukua ya chuma iliyopakwa kinga ya kutu, au ya shaba iliyochanganywa na nikeli kama unaipata, hasa ninyi wenzangu wa Dar, Tanga na Mombasa ambao chumvi ya bahari inakula chuma.

Kutengeneza mdomo: kata kwa kikata paipu kidogo kile cha kuzungusha, msumeno unaacha ncha imepinda. Safisha makali ya ndani na nje, puliza vumbi lote litoke, halafu VISHA NATI KWANZA, tena ikiangalia upande sahihi, maana ukishakunja mdomo nati haipiti tena. Bana paipu kwenye baa ya kifaa cha kukunjia mdomo, kile chuma chenye matundu, upande wa matundu yenye mteremko uwe juu, acha paipu ichomoze sawa na unene wa bega la kile kipande kidogo cha kukandamizia. Tone moja la mafuta ya breki, kandamiza mpaka bega liguse baa, toa kipande, sasa shuka na koni yenyewe polepole ikunje ukingo uingie ndani. Usiishie hatua ya kwanza ukasema huo ndio uyoga wa Ulaya, ule una kifaa chake. Na mdomo wa kukunjwa mara moja usiweke kwenye breki kabisa, ukikanyaga kwa nguvu shinikizo la mafuta linaweza kupita bar 70 (bar ni kipimo cha shinikizo), ule ukingo mwembamba unapasuka. Ukimaliza angalia kwa karibu sana, ukiona mstari wa ufa au mdomo umeenda upande, kata urudie. Fanyia mazoezi kwenye vipande vya kutupa kwanza, mimi nilitupa kama vitano.

Mipira ya breki, yaani zile paipu laini za mpira zinazoenda kwenye tairi, tafuta iliyoandikwa SAE J1401 (namba ya kiwango chake), na ule mstari uliochorwa kwenye mpira ukimaliza kufunga uwe umenyooka, ukiwa umejizungusha ujue umeusokota. Washa za shaba weka mpya pande zote mbili za kile kichwa cha mpira kinachofungwa kwa bolti, kisha kata usukani kulia na kushoto uone mpira haugusi tairi. Mpira wa petroli wa injini ya efi (inayopuliza petroli kwa nozeli) ni mwingine kabisa, ule ni J30R9. Na ukiona zile fitingi za rangi za gari za mashindano, hizo mdomo wake ni digrii 37, haziivi na 45 hata siku moja.

Kufunga, anza kwa mkono, mizunguko mitatu minne iende laini ndipo ushike spana ya paipu. Toyota nyingi nguvu ya kukaza ni Nm (nyutoni mita) 15 tu. Usizungushe tepu nyeupe wala kupaka gundi ya gasketi, kinachozuia hapo ni chuma kwa chuma. Toa upepo kwenye mafuta ya breki ukianza na tairi lililo mbali zaidi na masta silinda (silinda kuu inayosukumwa na pedeli), halafu mtu akanyage pedeli kwa nguvu zote dakika nzima huku wewe umefunga tishu kavu kila maungio. Tishu ikitoka na doa hata dogo, gari halitoki getini.