Kitambulisho cha NIDA kimepotea? Anzia kwenye simu, usianzie stendi

Mimi nauza viazi Isyonje, barabara ya Uyole kwenda Tukuyu, pale magunia yanapopangwa kando ya lami na ukungu ukishuka hata mteja humwoni mpaka aseme hodi. Mwaka jana nilipanda Kosta Uyole nikiwa na kapu mkononi, pochi nimeibana kwapani. Niliposhuka, kapu ninalo, pochi sina. Ndani yake kulikuwa na elfu arobaini na tatu, kadi ya benki, picha ya mwanangu wa mwisho, na kitambulisho changu cha Taifa, kile kinachotolewa na NIDA, Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa.

Hela nilizililia jioni moja tu. Kitambulisho ndicho kilichonizungusha, na nilizungushwa kwa sababu nilikimbilia mjini kabla sijaandaa kitu. Nauli kwenda, nauli kurudi, naambiwa nimeruka hatua. Tangu hapo kila mtu akipoteza kadi huku kwetu ananifuata gengeni, nami kuongea nimechoka, ndiyo maana naandika.

Kilichopotea ni kadi. Namba haijapotea. Namba ya NIDA ni ile ile maisha yako yote, na kadi mpya itakuja na namba ile ile. Kwa hiyo kazi ya kwanza si kutafuta kadi, ni kuwa na namba mkononi, maana kila utakapogonga utaulizwa hiyo.

Namba yenyewe ina tarakimu 20. Inatisha mpaka uikate vipande. Nane za kwanza ni tarehe yako ya kuzaliwa iliyoandikwa kinyumenyume: mwaka, mwezi, siku. Zinafuata tano za eneo. Zangu zinaanza na 53, kama msimbo wa posta wa Mbeya. Halafu tano nyingine, na mbili za kumalizia. Ukiishajua hivyo, nane za kwanza huwezi kuzisahau labda usahau siku uliyozaliwa. Shangazi yangu wa Kiwira alikataa kabisa namba yake, akasema si yake kwa sababu imeandikwa tarehe 1 mwezi wa saba na yeye mama yake alimwambia alizaliwa wakati wa kupanda. Ikabidi tumweleze kwamba siku ya kuandikishwa hakuwa na cheti, wakamjazia. Namba ni yako, shangazi, hata kama siku si yako.

Kama hukuwahi kuiandika popote, tafuta kwanza kwenye vitu ulivyowahi kujaza: fomu ya kufungulia akaunti ya benki, fomu ya TIN (namba ya mlipakodi), fomu ya mkopo wa mtoto wa chuo, au picha uliyowahi kumtumia mtu kwenye WhatsApp. Mimi niliikuta huko, kwenye mazungumzo na dalali wa Dar aliyenidai nimtumie kabla ya kunilipa gari la viazi. Sikumpenda siku ile. Sasa namshukuru.

Ukikosa kote, ingia services.nida.go.tz, sehemu ya kuangalia namba. Unajaza jina lako la kwanza na la mwisho, tarehe ya kuzaliwa, na majina ya mama. Hapo kwenye majina ya mama ndipo watu wanapokwama, hasa sisi wenye majina ya Kinyakyusa. Jina la mama yangu lina "gw" katikati. Karani aliyeniandikisha aliacha hiyo "w", nami kila nikiliandika sawasawa mtandao unaniambia taarifa hazipo. Mara ya tatu nikakumbuka kuliandika kwa makosa kama lilivyokosewa, likakubali. Kwa hiyo usiandike jina kama unavyolijua. Liandike kama lilivyoandikwa siku ile. Mwenye simu ya kitochi apige *152*00# afuate menyu ya huduma za serikali mpaka aikute NIDA.

Kama simu nayo ilikwenda na pochi, hilo ndilo la kwanza kuliko yote. Azima simu ya jirani mwenye mtandao kama wako, piga 100 ya huduma kwa wateja, wafungie laini yako kabla mtu hajaanza kucheza na pesa zako. Siku chache baadaye, laini ikisharudi, piga *106# uangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukiona usiyoijua, nenda kwa wenye mtandao huo waifute.

Sasa polisi. Watu wengi wanadhani lazima uende kituoni ukae kwenye benchi. Kama umeibiwa, ndiyo, nenda kituoni ufungue jalada upewe RB, yaani namba ya taarifa yako pale kituoni, maana huo ni uhalifu na mtu anatafutwa. Lakini kama umepoteza tu, kama mimi, taarifa ya upotevu, ile wanayoiita losi ripoti, inapatikana kwenye mtandao wa Jeshi la Polisi: lormis.tpf.go.tz. Niliijaza nimekaa juu ya gunia, ukungu umekaba, mtandao ukija na kuondoka. Wanataka majina yako, mawasiliano, kitu kilichopotea, namba yake, na mahali na tarehe kilipopotea.

Nenda taratibu kwenye ile namba. Mimi mara ya kwanza niliandika 8 mahali pa 3, nikalipia, nikachapisha, nikaenda nayo mjini. Aliyeipokea aliiangalia mara moja tu akanirudishia: namba hii si yako, mama. Nikajaza upya, nikalipa upya. Siku hizi nikimjazia mtu, namba naisoma kwa sauti yeye akinisikiliza, kwa mafungu yale yale: nane, tano, tano, mbili. Mahali pia pataje vizuri. Usiandike "Mbeya" basi. Andika "ndani ya gari, kati ya Uyole na Isyonje".

Ukimaliza kujaza utapewa kontroo namba, yaani namba ya kulipia serikalini, tarakimu zinazoanza na 99, pamoja na kiasi cha kulipa. Unalipa kwa simu: menyu ya kulipa bili, malipo ya serikali, unaingiza hiyo namba. Hela ya serikali haitumwi kwa namba ya simu ya mtu. Narudia kwa sababu ya kilichonipata: kijana mmoja wa steshenari aliniambia nimtumie yeye kwenye simu yake "atanimalizia kila kitu mpaka kadi". Nikatuma elfu kumi na tano. Alichonimalizia ni uvumilivu. Steshenari zina kazi yake, kuchapisha na kuwasaidia wasio na simu janja, na wengi ni waaminifu; ila kaa pembeni yake uone anachoandika, angalia anwani inaishia na go.tz, na ulipe mwenyewe. Ukipata ujumbe wa kitapeli kuhusu kitambulisho, utume kwenda 15040.

Losi ripoti ikitoka, chapisha nakala mbili na moja ibaki kwenye simu. Hapo sasa ndipo unapanda gari.

Nenda ofisi ya NIDA ya wilaya yako ukiwa na losi ripoti, namba ya NIDA, na chochote chenye jina lako: cheti cha kuzaliwa, kadi ya mpiga kura, leseni. Kadi ya kwanza kila mtu alipewa bure, ila ya kurudishiwa iliyopotea inalipiwa shilingi 20,000, na hii nayo ni kwa kontroo namba. Usitoe fedha taslimu dirishani. Risiti ya malipo ihifadhi na ile losi ripoti.

Kwa wenzangu wakulima nina la ziada kuhusu vidole. Popote utakapoambiwa uweke kidole ili ithibitike kuwa ni wewe, iwe huko au kwenye kurudisha laini, mashine inaweza kukukataa. Udongo wa viazi unakula ngozi. Safari nyingine, nilipokwenda kurudisha laini yangu, kile kimashine kilikataa vidole sita mfululizo, kijana akaanza kuniangalia kama nimekuja na jina la mtu. Mama mmoja kwenye foleni, mchuma chai wa Tukuyu, ndiye aliyeniokoa: akanipa mafuta ya kujipaka, nikasugua, nikafuta kwa kanga, nikajaribu gumba la kushoto. Likasoma. Kumbe mkono wa kushoto hauchimbi sana. Tangu siku hiyo nikijua naenda kuweka kidole, jana yake usiku naloweka mikono kwenye maji ya vuguvugu na shambani siendi.

Baada ya hapo ni kusubiri, na hapo usikubali kusimamisha maisha. Pasipoti, TIN, laini ya simu, akaunti: kwingi wanachotaka ni namba. Ukidaiwa kadi yenyewe, onyesha losi ripoti na risiti, eleza kwa adabu, na usiondoke mpaka uongee na mkubwa wa pale. Benki mimi walinihudumia kwa namba na kidole. Kwenye kituo kimoja cha mabasi ndiko walinikatalia kabisa, nikawaonyesha karatasi zote, yule bwana akasema yeye haitaki karatasi. Nikapanda gari jingine.

Wakati wa kuacha namba ya simu pale ofisini, acha inayopatikana. Binamu yangu aliacha ya mume wake aliyekuwa Makete kwenye mbao. Kadi ilipofika hakuna aliyejua.

Nami nilipoipata kadi mpya, haikupita miezi miwili, konda mmoja akashuka Isyonje anauliza mama wa viazi mwenye picha hii ni nani. Pochi ilikuwa imeingia chini ya kiti cha nyuma. Hela hazikuwemo, kadi ya zamani ilikuwemo. Nikampa debe la viazi akalibeba. Kadi ile ya zamani nikaipeleka ofisi ile ile ya NIDA, kwa sababu mtu mmoja hakai na mbili. Mpya iko nyumbani kwenye kopo la maziwa, pamoja na hati ya shamba, na kwenye pochi natembea na kipande cha karatasi chenye tarakimu 20.