Namna ya Kuanza Kutazama Vinyonga na Vyura wa Usambara Usiku

Anayetaka kuanza kuwatazama reptilia na amfibia wa porini hahitaji vifaa vya gharama. Aanze nyumbani, kwa kumfuatilia mjusi kafiri anayewinda wadudu karibu na taa ya baraza na kuwasikiliza vyura wanaolia mtaroni baada ya mvua, hadi macho na masikio yake yazoee. Baada ya hapo, ninapendekeza kwa moyo wote aende Usambara Mashariki, kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, wilayani Muheza, iliyoanzishwa mwaka 1997, kwa kuwa baadhi ya vinyonga na vyura wa misitu hiyo hawapatikani popote duniani nje ya milima ya Tanzania.

Msimu mzuri ni wa mvua, yaani masika kuanzia Machi hadi Mei, au vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na muda mzuri ni baada ya giza kuingia. Mchana unaweza kumpita kinyonga aliye hatua moja tu kutoka ulipo. Usiku hulala kwenye ncha ya kijiti chembamba au juu ya jani, mkia umejikunja, macho yamefumba, na rangi yake hupauka, hivyo mwanga wa tochi ukimpitia huonekana mweupe katikati ya majani ya kijani kibichi. Tembea polepole, umulike pande zote za njia kuanzia usawa wa kifundo cha mguu hadi juu ya kichwa, kwa sababu kila jamii ina kimo chake: kinyonga mdogo anayefanana na jani kavu hulala kwenye vijiti vya chini kabisa, wakati yule mkubwa, ambaye dume lake lina pembe tatu, hulala juu zaidi. Ukiona ameanza kukoza rangi au kufumbua jicho, umemmulika kupita kiasi. Zima tochi uondoke.

Kwa vyura, sikio hutangulia. Wanyamazapo kwa kusikia hatua zako, simama, zima tochi na usubiri kimya hadi mmoja aanze tena. Mwenzako akisimama upande mwingine, kila mmoja aelekeze mkono kule anakosikia sauti, na chura atakuwa karibu na mahali mielekeo hiyo inapokutana. Angalia pia juu ya majani mapana, ambako hupumzika chura mdogo wa jenasi ya Nectophrynoides, ambaye hazai viluwiluwi bali huzaa vichura vilivyokwisha kukamilika.

Usimshike mnyama yeyote. Ngozi ya chura hufyonza dawa ya mbu iliyo mikononi mwako, na viatu vyenye tope kutoka bonde jingine vinaweza kubeba ukungu unaoua vyura, ule uliohusishwa na kutoweka porini kwa chura wa Kihansi, chura mdogo wa bonde la maporomoko ya Kihansi nchini Tanzania. Kwa hiyo visugue, uviue vijidudu na kuvikausha kabla ya kila safari.

Usalama wako nao una masharti yake. Vaa buti ndefu, usitie mkono mahali ambapo jicho halijafika, na uende na mwongozaji wa hifadhi. Ukipita karibu na makazi, mjulishe kwanza mwenyekiti wa kijiji, kwani mtu anayemulika vichaka usiku huleta hofu, na hofu ya kinyonga pekee tayari ni kubwa vijijini. Nyoka umtazame kwa mbali tu. Aking'atwa mtu, atulizwe, kiungo kisichezeshwe, jeraha lisichanjwe, lisinyonywe wala lisikazwe kwa kamba, na apelekwe hospitali mara moja.

Hatimaye, weka daftari. Andika tarehe, saa, hali ya hewa, aina ya mmea na kimo kutoka ardhini, kisha piga picha ya ubavuni na ya kichwa, kwa kuwa pembe na umbo la kichwa husaidia sana kutofautisha jamii. Picha hizo zinaweza kupelekwa iNaturalist, mtandao wa kuwekea kumbukumbu za viumbe, ambako wenye ujuzi husaidia kutambua mnyama. Kwa vinyonga, chagua kuficha mahali hasa ulipowaona, kwani biashara ya kuwakamata na kuwauza nje haijaisha.